Draiva Imekataa, Draiva Amekataa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma salamu pamoja na kofia yake, ile pale kwenye kiti cha mbele, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa Mwakilishi, ambaye amefika na amekalia kofia, Chifu wetu, Naibu wa Chifu, mzee wa kijiji, na yule mzee wa pili ambaye hamtambui wa kwanza, mapasta, wainjilisti, na ndugu mwenye tambarini anayetuombea mvua isinyeshe kabla sijamaliza, wakurugenzi wa kiwanda cha majani chai, waliopo na waliopigiwa kura na bado wako kortini, wenyeviti wa vituo vya kununulia majani kutoka hapa Sosiot mpaka Kiptere na mpaka Sotik, walimu wakuu wenye shule na walimu wakuu wanaongojea shule, kwaya ya akina mama, ndugu zetu mliotoka upande wa ziwa, ambao babu zenu walikuja kufanya kazi viwandani na sasa nyinyi ni wetu kabisa, hasa mwaka wa kura, vijana, wasio vijana, na wewe Robert Bii, uliyekuwa dereva wangu, uliyesimama hapo mbele umeinua leseni juu kama mtu anayesimamisha gari, hata wewe nimekuona. Itifaki imezingatiwa.

Chamgei! (Umati: Chamgei mising!) Oyawore! (Sauti karibu na kibanda cha samaki: Oyawore ni ya asubuhi, mkubwa, na sasa ni saa saba mchana! Sema osaore!) Hiyo ni technical matter, tutaishughulikia kwenye kamati. Bwana asifiwe! (Amina!) Na wakati wote? (Amina! Mkate uko wapi?) Mkate na soda viko njiani, wananchi, viko njiani, na mimi sijawahi kuwadanganya kuhusu kitu cha kula.

Kwa wale wachache ambao hawanijui, na nikitazama hapa sioni hata mmoja, mimi ndimi Daktari Mhandisi Gibson Kipkorir Maiywa, huo udaktari nikiwa nimepewa kwa heshima na chuo kimoja ambacho kwa sasa kinahama, na uhandisi nikiwa nimejiongezea mwenyewe baada ya kujichunguza namna ninavyofanya kazi. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Uratibu wa Kadi na Sloti, kwa kifupi MUKASI, chombo ambacho kilianzishwa mahususi kwa ajili ya kuzindua jambo hili tunalolizindua, na ambacho hata kabla ya kuzindua kimeshatimiza asilimia mia moja na saba ya malengo yake. (Makofi kutoka hema la wageni. Waliosimama juani wanajipepea.) Hizo asilimia saba ni zawadi yangu kwenu.

Najua mmekuja kwa mambo matatu. Mmekuja kuona kompyuta ishirini na nne. Mmekuja kwa mkate. Na mmekuja kusikia hukumu ya Robert, ambaye nilimsimamisha kazi na leo ni wiki ya tatu, na ambaye nimeahidi kwamba hapa hapa, mbele ya watu, nitasema kama anarudi kwa usukani au anaenda nyumbani moja kwa moja. (Sauti ya mwanamke: Anarudi! Kwani alikosa nini?) Huyo ni Sally, mke wake. Sally, nakusikia. Najua mmeambiwa mtoke kwa nyumba ya kazi mwisho wa mwezi, na najua mmekaa humo miaka ishirini na miwili mpaka umepanda sukuma wiki mpaka mlangoni. Lakini hukumu ni kama supu, haiharakishwi. Kwanza sikilizeni mradi.

Asili ya Mradi wa Kadi Mbili ni mimi. Ni kweli alianza Chepchirchir, yule binti mwenye saiba ya intaneti nyuma ya duka la mbolea, yuko pale, simama wakuone, basi kaa. Lakini kuanza si asili. Chepchirchir aliona kile ambacho sote tumekiona, kwamba mashine za kuchuma majani zinaingia mashambani na mama aliyechuma kwa mikono na kikapu anaambiwa asante, nenda nyumbani. Sasa huyu binti, badala ya kulalamika kama raia mwema, akaketi akatengeneza ndani ya kompyuta shamba zima la majani chai, na mitelemko yetu, na mitaro yetu, na hata ng'ombe wa jirani aliyekata kamba. Ukiketi kwenye kiti chake cha plastiki unashika usukani wa kuchezea, mbele yako skrini tatu, na unajifunza kuendesha mashine ya kuchuma kabla hujaigusa ile yenyewe. Mama Rodah, aliyechuma miaka ishirini kwa mkono, aliketi hapo wiki mbili, na leo anaweza kugeuza mwisho wa mstari bila kukata mche hata mmoja mpaka shina. (Vigelegele. Sauti: Rodah juu!)

Isipokuwa picha inakwama. Mama Rodah akikata kona, yeye ameshafika Kiptere na majani bado yako Sosiot. Kompyuta yenyewe ni ya zamani, imeletwa kutoka Ulaya ikiwa imetumika, na kadi yake ya picha ni moja, na kadi moja kusukuma skrini tatu ni kama punda mmoja kuvuta lori. Kwa hiyo Chepchirchir akaniandikia barua, nusu ukurasa, akiomba aongezewe kadi moja. Moja! (Kicheko kutoka hema la wageni.) Ofisi yangu haina uwezo wa kufikiria kitu kimoja. Nikachukua ile nusu ukurasa, nikaifanyia scaling, nikaipeleka kwa stakeholders, na iliporudi ilikuwa kurasa mia mbili na sitini, vituo ishirini na vinne vya mafunzo kuanzia hapa mpaka Sotik, na jina la Chepchirchir likiwa limehifadhiwa vizuri kwenye orodha ya wafadhili wa maandazi.

Katika ile barua kulikuwa na sentensi moja iliyoniamsha kutoka usingizi wangu wa mchana. Iliandikwa hivi: "Kompyuta iko na sloti mbili za kuchomeka kadi, moja iko wazi." Sloti wazi! Wananchi, nyinyi ni watu wazima, mnaijua siasa ya hapa. Sloti ikiwa wazi Kericho, Bomet wanaisikia kabla mwenyewe hajaisikia. Mimi si kiongozi wa kubagua. Sloti ya kwanza nikaipa upande wa Belgut, ya pili nikaipa upande wa Sotik, na ndugu zetu wa ziwa nikawatengea sloti ya tatu, ambayo wataalamu wanasema haipo, lakini imo kwenye mpango wa baadaye. (Sauti kutoka kibanda cha samaki: Sisi kila siku ni ya baadaye!) Tukatangaza kwa redio. Tukapokea maombi mia nne na kumi na mawili. Kulikuwa na msusi, kulikuwa na mwalimu mstaafu, na mtu mmoja wa Sotik alileta barua ya pasta kuthibitisha kwamba yeye ni mtulivu na hapati joto haraka. Tuliwahoji siku sita, na ikabainika kwamba wote walikuwa wakubwa kuliko sloti.

Ndipo fundi wa kompyuta wa ofisi yangu, Bwana Joab Ouko, mtoto wa kiwanda, aliyezaliwa hapa hapa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi, akaja akaniambia, "Mheshimiwa, kadi si shida. Shida inaweza kuwa madabodi." Nikamwambia, Joab, kama shida ni bodi ya akina mama, hiyo ni gender matter na inaisha leo. Jioni hiyo nikateua Mother Board ya akina mama tisa, mwenyekiti Mama Rodah, na wamekaa vikao kumi na kimoja vyenye tija kubwa. Katika kila kikao Mama Rodah aliuliza swali moja, "Mashine ziko wapi?" na katika kila kikao swali hilo likaandikwa kwenye kumbukumbu, chini ya mambo mengineyo. (Mama Rodah, kutoka kwa kwaya: Na bado nauliza!) Mnaona? Bodi iko hai.

Joab akasema tena kwamba kadi zikishaingia lazima zifanyiwe benchmark ili tujue kasi yake. Hapo serikali haihitaji kufundishwa na mtu! Maofisa kumi na wanne tukaondoka kwenda benchmarking Mombasa, siku tisa, tukarudi weusi na wenye maarifa. Joab hakuja. Alisema benchmark inafanyika ndani ya kompyuta na inachukua dakika nne. Ndiyo shida ya mafundi, hawaoni mbali.

Tena akasema kadi mbili huunganishwa kwa daraja. Wiki hiyo hiyo nikaenda mtoni, mpakani mwa Kericho na Bomet, nikaweka jiwe la msingi la Daraja la Kadi Mbili, na ng'ombe wa huko sasa wanajikunia ubavu hapo. Kesho yake Joab akaniletea kitu chembamba, urefu wa kidole, akasema, "Mheshimiwa, daraja ndiyo hii." Nikamtazama. Nikamuuliza, Joab, sasa mimi nikitaka kukata utepe nitasimama wapi? Akakirudisha mfukoni.

Sasa tunafika kwa Robert, na wewe Robert teremsha mkono utachoka. Joab aliazima kadi ya pili kwa binamu yake anayecheza gemu huko Sotik, akaiingiza kwenye sloti ya pili ya kompyuta ya Chepchirchir, akaweka na daraja lake la kidole, wakawasha. Feni zote mbili zikazunguka. Taa zikawaka. Na kompyuta ikaitambua kadi moja tu, ile nyingine ikakaa pale inakula umeme bila kazi, kama ofisa fulani ambaye sitamtaja kwa sababu ni shemeji yangu. Joab akaandika ripoti, na naisoma neno kwa neno ili historia isije ikanilaumu:

"Kadi zote mbili ni nzima. Sloti ni nzima. Umeme unatosha. Lakini kampuni ya kutengeneza kadi ilitaka kampuni ya kutengeneza madabodi ilipie leseni, ndiyo kadi mbili zikubaliwe kufanya kazi pamoja. Wa madabodi wakakataa kulipa. Kwa hivyo hii madabodi haina leseni, na draiva imekataa. Si ubovu. Ni ugomvi wa watu wawili ng'ambo, na sisi tuko Sosiot."

Tazameni sasa jinsi kiongozi anavyosoma ripoti. Ng'ambo, madabodi, hayo niliyaruka. Jicho langu likatua pale penye uzito: draiva imekataa, na leseni haina. Mimi nina draiva mmoja tu! (Kicheko kikubwa.) Saa kumi jioni Robert alikuwa na barua mkononi. (Robert: Leseni ndiyo hii, mheshimiwa! Miaka ishirini na mbili, hata kuku sijagonga!) Nakuona, Robert. (Joab: Mheshimiwa, draiva kwa kompyuta ni programu!) Joab, programu ya leo ninayo hapa mkononi, na inaonyesha saa hii ni mimi ninayezungumza. Keti.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili amenifuata pale langoni akaniambia, eti Joab aliandika "imekataa" na hakuandika "amekataa", kwa hiyo nilipaswa kujua ni kitu na si mtu. Mwalimu, wewe unaishi nchi gani? Hapa kwetu mtoto imelala, mgeni imekuja, bibi ya chifu imeenda soko, na chifu mwenyewe hajawahi kulalamika. Ningejuaje kwamba siku hiyo moja Joab ameamua kusema Kiswahili sawasawa? Na zaidi ya hayo, kwa bahati ambayo ni Mungu tu anaielewa, wiki hiyo hiyo Robert naye alikuwa amekataa kitu. (Sauti nyingi: Kitu gani?) Tutafika. (Sally: Sema sasa hivi! Sema ya work ticket!) Sally, nimesema tutafika, na mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti.

Msifikiri niliacha ule ugomvi wa leseni hivi hivi. Kampuni ya kadi na kampuni ya madabodi, zote mbili, nimeziandikia barua kali kupitia kwa Chifu, nikiziagiza zifike ofisini kwake Jumanne saa tatu asubuhi zikiwa na mashahidi wawili wawili, wamalize neno lao kama watu wazima. Hawakufika. Nimetoa wito wa pili. Wakikaidi huo, nitapiga marufuku mtu yeyote wa kampuni hizo kununua majani chai Sosiot. (Makofi machache.) Maana fikirini, ndugu zangu, tundu lipo, kadi ipo, umeme upo, mama anayetaka kujifunza yupo amekaa kwenye kiti, na kitu cha pekee kinachokosekana ni mtu mbali kabisa kusema "ndiyo". Mimi nikisikia jambo kama hilo damu inachemka. Karatasi yangu hapa imeandikwa "tulia kidogo, kisha piga meza", basi nimetulia. (Anapiga meza. Maji yanamwagika.)

Kwa upande wa takwimu, tangu mradi uanze, wachuma majani elfu tatu na mia nane wamepata mafunzo kwa njia ya matarajio. Vituo ishirini na vinne vimekamilika kwa asilimia tisini, na asilimia kumi iliyobaki ni majengo, stima na kompyuta. Na hakuna mtu hata mmoja aliyeumizwa na mashine zetu, rekodi ambayo hata Ulaya hawana. (Makofi kutoka hema la wageni.)

Na sasa, kabla wingu lile halijafika, maana nyote mnalijua wingu la saa nane la Kericho halina adabu, nazindua! Ondoa kitambaa! (Kitambaa kinaondolewa. Kompyuta moja, na nyuma yake maboksi ishirini na matatu.) Msisogee! Msiguse maboksi! Ni delicate! (Sauti: Hilo boksi limeandikwa gambuti!) Hilo ni jina la modeli. Ile ya mbele ndiyo sampuli, na ndugu zangu kama mnaona inafanana na ile ya Chepchirchir ni kwa sababu kompyuta zote zinafanana, na hiyo stika ya kwaya iliyobandikwa ubavuni ni mapambo ya kawaida. (Chepchirchir: Ni yangu, mheshimiwa. Ulisema unaazima mpaka saa nane.) Ndiyo. Sampuli shirikishi.

Tumefika kwa hukumu. Robert, panda huku juu. Panda, usiogope. Wananchi, mimi si mtu wa roho mbaya, na huyu ameniendesha miaka ishirini na miwili, amenipeleka mazishi yote, amenisubiri nje ya mikutano mpaka taa za ndani ya gari zikafa. Na leo nimeletwa hapa na pikapu ya maziwa ya Kiptere, nimekaa katikati ya mikebe, mnasikia wenyewe ninavyonuka. Nataka dereva wangu arudi. Kwa hiyo nimeamua kumsamehe hilo kosa la leseni, ambalo hata Joab anasema halipo. Bado tu jambo moja dogo. Joab, leta ile work ticket, ile karatasi ya safari za gari la serikali. Robert, chukua kalamu hii, tena ni yangu, ya dhahabu kidogo. Andika mstari mmoja: tarehe tisa, Nairobi hadi Sosiot, mzigo kompyuta ishirini na nne na kadi arobaini na nane. Weka sahihi. Kesho asubuhi unashika usukani, na Sally anabaki na sukuma wiki yake. (Umati unasogea karibu na jukwaa.)

(Robert, kwa kipaza sauti: Mheshimiwa, tarehe tisa gari ilikuwa kwa karakana Sotik, imewekwa juu ya mawe, magurudumu yote imetolewa. Wewe mwenyewe ulinipigia ukaniuliza itatoka lini. Sasa ningebeba na nini? Na ningebeba nini?)

Robert, usiingie kwa details. (Robert: Nilikuambia ile siku na nakuambia tena. Barabara sijaenda, siwezi kuandika nimeenda.) Haya, mnasikia? Mnasikia kiburi? Mtu anapewa kazi, anapewa nyumba, anapewa kalamu! (Sally: Robert, usiandike! Nyumba tutahama! Usiandike!) Sally, wewe ni mke au ni mshauri wa sheria? Robert, nitazame mimi. Hakuna mtu aliyekuambia ubebe! Uliambiwa uandike! Kubeba ni kazi ngumu, nakubali, inataka gari, inataka mzigo. Kuandika kunataka nini? Nitazame mimi hapa, mtu mzima mwenye udaktari, nimesimama mbele ya watu elfu mbili na mapasta, nimezindua kompyuta ishirini na nne ambazo hazipo, na makofi nimepigiwa, na wewe mstari mmoja tu unakushinda?

(Tambarini inaanguka.)

Hiyo mtaiondoa kwenye kumbukumbu. (Hakuna anayeandika.) Nilikuwa natoa mfano. Mfano wa kitaalamu. Joab, sema kitu. Joab, wewe ni mfanyakazi wangu. (Joab: Mheshimiwa, imekataa ni programu. Amekataa ni Robert. Mimi niliandika sawa.) Kaa chini! (Mama Rodah: Vikao kumi na kimoja! Kumi na kimoja, Gibson, nikiacha majani shambani, nikiuliza mashine iko wapi!) Mama Rodah, niite kwa cheo changu, tafadhali. (Mama Rodah: Nakuita kwa jina ulilobatizwa nalo, na hata hilo ni heshima!)

Mvua imeanza. Wageni walio hemani wabaki hemani. Robert, unafanya nini? Chepchirchir, unatoa nini hapo? (Chepchirchir: Natoa waya. Ni saa nane, mheshimiwa, na kuna akina mama sita wanangoja zamu. Inakwama, lakini wanajifunza hivyo hivyo.) Binti, uzinduzi bado unaendelea! Robert, weka chini hiyo kitu! Unavua koti la nini? (Robert anaifunika kompyuta kwa koti lake, anaibeba kifuani, anashuka ngazi. Sally anashika skrini moja, Mama Rodah nyingine, Chepchirchir ya tatu.) Robert!

Ngojeni. Ngojeni, wananchi, msiondoke, tazameni! Amebeba! Mmemwona kwa macho yenu? Robert Bii amebeba kompyuta! Joab, chukua ile kalamu, andika upesi: Robert, kompyuta, Sosiot, amebeba! Hizo ishirini na tatu zilizobaki ni suala la takwimu tu! Andika! Joab, mbona unafunga kalamu? Hiyo kalamu ni yangu, mbona unaniachia hapa mezani?

Basi tumalize kwa kaulimbiu. Nikisema Kadi Mbili, mtasema Nguvu Moja. Kadi Mbili! (Sauti: Mkate uko wapi?) Kadi Mbili! (Sauti nyingi: Mkate!) Kuhusu mkate na soda, ndugu zangu, naomba mnielewe, vilikuwa vimeandikwa kwenye work ticket hiyo hiyo. (Umati unanung'unika kwa muda mrefu.)

Nimalizie kwa shukrani, maana mimi nimelelewa. Namshukuru Chepchirchir, ambaye kompyuta yake ndiyo imekuwa mradi mzima kwa saa nzima. Namshukuru binamu ya Joab kwa kutuazima kadi ya pili, ambayo alikuja akaichukua Jumapili baada ya kanisa. Nalishukuru duka la gambuti hapo sokoni kwa maboksi ishirini na matatu, na naomba wale watoto wasiyakanyage, yanatakiwa kurudi. Nawashukuru akina mama wa bodi kwa kuongoza kitu ambacho sasa nimeelewa ni kibao cha waya. Nawashukuru nyinyi nyote kwa subira yenu, na pikapu ya maziwa kwa kunileta, naomba isogee sasa hapa karibu na jukwaa kwa sababu mvua hii imegeuka mawe. (Sauti: Iliondoka kitambo, maziwa ingeharibika!) Imeondoka? Na gari langu limetoka karakana, fundi ameliacha hapa sasa hivi, si hilo pale, lina magurudumu yote manne, funguo ninazo. Joab, unajua kuendesha? (Joab: Sina leseni, mheshimiwa.) Chifu? Chifu amekwenda wapi? Basi mwiteni Robert, hajafika mbali, namwona pale kwa duka la mbolea. Robert! Robert, wewe uliye na leseni, miaka ishirini na mbili, hata kuku hujagonga! Njoo unipeleke nyumbani!

(Umati mzima, kwa sauti moja na kwa Kiswahili sawasawa: Draiva a-me-kataa!)